Karatasi Zilizopigwa Pasi

Baba,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi lako la useremala, upande ule wenye pengo ambako msumeno ulikuponyoka. Mama ndiye aliyenileta hapa. Tangu juzi nazunguka nyumba nzima naongea peke yangu, nagonga sufuria, nafokea kuku. Jana akaniwekea karatasi mkononi akasema, "Mimi umenichosha. Mwambie mwenyewe baba yako." Basi nakuambia.

Sijui kama huko mliko mnaletewa habari za huku. Kama mnaletewa, samahani, nakurudishia maneno unayoyajua. Kama hamletewi, kuna jambo moja ulikwenda nalo kaburini ambalo si kweli, na siwezi kuvumilia likae huko na wewe. Karatasi zangu za mtihani hazikuwa tupu, Baba. Na msumari ulioninolea haukuwa na kosa. Nitakueleza yote kwa mpangilio, ingawa hasira haina mpangilio.

Nianze na kibao, maana kila kitu kilianza na kibao. Unakumbuka yule mwalimu wa misheni aliyekuja kuniandikisha shule, akakuonyesha chombo cha kuandikia nukta za vipofu? Alikuachia ukitazame mchana mmoja tu, kwa kuwa alikuwa nacho kimoja. Ulikipima kwa vidole na penseli yako ya useremala, ukamrudishia, ukashukuru. Alipoondoka ukaniambia, "Mama, hiki hata mimi naweza." Wewe uliniita mama tangu surua iliponichukua macho, na sikuwahi kukuuliza kwa nini.

Ulikuwa umetoka kambini kwenye ujenzi wa reli ya Zambia, ulikokuwa unatengeneza mbao za kumwagia zege. Walikupa kipande cha bati nene kilichobaki. Ulikaa nacho wiki mbili hapa hapa kwenye benchi. Bati la juu ulilikata vijidirisha, bati la chini ulipiga vishimo sita sita chini ya kila kidirisha, ukayaunganisha na bawaba ndogo kama ya sanduku. Kalamu ikawa msumari wa inchi mbili uliochomekwa kwenye kishikio cha mti wa mbuni. Karatasi inakaa katikati, msumari unasukuma, nukta inachomoza upande wa pili. Ulisema kazi ngumu si bati, kazi ngumu ni kufanya vishimo vyote viwe na kina kimoja.

Halafu ukaniandikia jina langu, kwa nukta ambazo yule mwalimu alitufundisha sote wawili. Ulianza kushoto kama wanavyoandika wenye macho, nami nilipogeuza karatasi na kupitisha kidole nikakuta fujo tupu. Tunaandika kutoka kulia, Baba, ili tukigeuza isomeke kutoka kushoto. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kumbe nimemtukana binti yangu bila kujua!" Mara ya pili ulilipata. T-u-s-e-k-i-l-e. Nilikuwa na miaka tisa, na lilikuwa jambo la kwanza kulisoma duniani.

Wewe ulijua nukta kabla hujajua herufi za wino. Wenzako kwenye kisomo cha watu wazima walikutania kwamba umejifunza kusoma kama kipofu ili usione aibu ya kukosea. Ukawajibu kwamba binti yako hawezi kusubiri mpaka baba yake amalize herufi zote. Nilipopelekwa bweni kule Mufindi, ulitengeneza kibao cha pili kikabaki nyumbani, na kila mwezi ukaniletea barua kwa posta ndani ya kisanduku cha mbao nyembamba, kina chake vidole viwili. Hukutumia bahasha hata mara moja. "Nukta hazipendi kubanwa," ulisema. Karani wa posta Tukuyu aliinua barua yako kwenye mwanga akakuuliza, "Mzee, unasumbua posta kwa karatasi tupu?" Ukamwambia, "Tupu kwako. Mwenyewe ataisoma." Ulinisimulia hilo likizo nzima, kila mgeni akiingia unalianza upya.

Sasa nisikilize. Shuleni visanduku vyako vilijulikana. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa akivikabidhi, na hakuacha kunitania mbele ya wenzangu: "Tusekile, baba yako ametuletea tena jeneza la panya." Watoto wakacheka, nami nikacheka. Nataka ulikumbuke hilo. Kwa miaka minne mtu huyo alipokea mikononi mwake barua zilizotunzwa kwenye mbao ili zisibanwe. Kwa miaka minne hakuuliza kwa nini.

Na ile mashine ya kuandikia nukta. Nilikuambia juujuu tu, nikijua ungepanda basi siku ile ile kwenda kugombana. Ilikuja kutoka ng'ambo, zawadi kwa sisi watoto tisa wasioona. Ina vibonyezo sita, unabonyeza kwa vidole vyote kwa pamoja na herufi inatoka nzima kwa pigo moja, mahali ambapo mimi na msumari tunagonga mara nne au tano. Kwa mtoto mwenye mikono dhaifu kama Rehema, ambaye kidole chake hakina nguvu ya kusukuma msumari, mashine ile ilikuwa ndiyo kalamu pekee angeweza kuimudu maishani. Mwalimu mkuu aliifungia kabatini. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake, nikausikia ukilia kila alipotembea. Wageni wakija inatolewa, inafutwa vumbi, naitwa mimi kwa sababu nilikuwa na mikono myepesi. Naandika: Karibuni wageni wetu. Wageni wanapiga makofi. Mashine inarudi kabatini.

Miaka minne, Baba, na sentensi moja. Siku nilipoomba niitumie kwenye mtihani wa darasa la saba, alinijibu kwa upole kabisa, "Binti, hii ni mali ya umma. Ikiharibika mikononi mwako nitajibu nini?" Mali ya umma! Kana kwamba mimi si umma. Kana kwamba umma ni kabati.

Nikaingia kwenye mtihani na kibao chako. Mwalimu wetu wa nukta alikuwa amehamishwa miezi mitatu nyuma, maana mwaka ule kila kijiji kilifunguliwa madarasa na walimu walitafutwa kama maji kiangazi. Hakuna mtu aliyebaki pale shuleni aliyejua kusoma nilichoandika. Tuliambiwa karatasi zitapelekwa mjini zilivyo, huko atatafutwa mtu wa kuzigeuza ziwe wino. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mwanafunzi asiyeona wa darasa la saba mwaka ule. Niliandika siku zote mbili mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Ulikuwa umeunoa msumari likizo, ulikuwa mkali hata nikawa naogopa kuubeba mfukoni. Hesabu nilizimaliza zote. Nilitoka chumbani nikijua nimefaulu, Baba, kama mtu anavyojua ameshiba.

Kisha ikaja ile barua.

Hili naliandika haraka kwa sababu likinikaa mkononi nitashindwa. Ulikuwa umemaliza kisomo, una cheti chako ukutani, na ilikuwa barua ya kwanza ya serikali kufika nyumbani tangu ujue kusoma. Ulimkataza Mama asimwite jirani. Ulikaa hapa hapa ukasoma mwenyewe kwa sauti, silabi kwa silabi. "M-ta-hi-ni-wa a-me-wa-si-li-sha ka-ra-ta-si tu-pu." Ukaisoma tena, ukidhani umekosea. Ukaisoma mara ya tatu, bila kukatakata.

Na mimi nikafanya nini? Nikakuambia, "Ningekuwa na mashine nisingefeli." Nilisema hivyo. Mama aliniambia "Tusekile!" kwa sauti ambayo hajaitumia kwangu kabla wala baada. Ulinyanyuka, ukachukua msumari wangu, na nikausikia juu ya jiwe la kunolea. Ulinoa jioni ile, ukanoa kesho yake. Wiki nzima nilisikia jiwe. Ulipokuja kukaa karibu nami ulisema, "Labda msumari haukuwa mkali. Nimekukosea, mama."

Nilipaswa kukukatalia. Nilinyamaza, Baba, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kuamini hivyo. Nilijiambia labda sikusukuma vya kutosha, labda kibao kiliteleza, labda mikono yangu ilinidanganya. Mtu akiambiwa na serikali kwamba ameandika hewa, anafika mahali anajiuliza kama kweli alikuwa na karatasi.

Ulikwenda mpaka ofisi moja ya mjini na kibao mkononi. Uliporudi hukutaka kusimulia, Mama akakubana mpaka ukasema. Bwana wa mezani alikishika kile kibao, akakigeuza, akauliza, "Mtihani wa serikali, kwa bati hili?" Akasema ndiyo maana. Maneno mawili tu, "ndiyo maana," na wewe ukayabeba yote kurudi nayo nyumbani. Ukaanza kunitengenezea kalamu nyingine, nzito zaidi. Kishikio ulikimaliza. Msumari hukuwahi kuutia. Mvua za masika zikaja na kile kichomi chako, na siku ya tano tukakupoteza.

Ulizikwa hapo nyuma, kati ya migomba na kibanda cha mbao, na watu walisema mengi mazuri. Walisema ulikuwa fundi ambaye mlango wake hausugui sakafu. Mimi nilikaa na wanawake nikisikia sifa za ufundi wako, na moyoni nina neno moja tu, kwamba umekufa ukijiona fundi aliyemharibia mwanawe.

Sasa yale yaliyotokea baadaye.

Mwaka huu baada ya sikukuu nilipata barua ya nukta kutoka shuleni. Ametokea mwalimu mpya, Mwalimu Veronika, dada wa Kibena mwenye macho yake mawili lakini anasoma nukta kwa kidole kama sisi. Alikuwa na watoto kumi na mmoja na mikono miwili, akaniomba nikamsaidie kufundisha wadogo. Nusu ya barua yake ilikuwa imesagika njiani kwa sababu aliituma kwenye bahasha. Nilikisia maneno, nikamcheka, nikafunga mzigo. Hata hapo, Baba, machale hayakunicheza! Nilikuwa nimeshika jibu mkononi, karatasi iliyolainika kwa kubanwa na posta, nikacheka.

Metroni wa bwenini bado ni yule yule, mama wa Kihehe aliyetuosha sote vichwa. Alinipokea kwa vigelegele, "Kamwene, mwanangu, kamwene!" Siku ya pili akawasha pasi ya makaa ili aninyooshee gauni la kuingilia darasani. Kule Mufindi ukungu haukauki, nguo zinavaliwa zikiwa na unyevu usipopiga pasi. Nimekaa kwenye gunia jikoni, naota moto, tunapiga soga. Nina karatasi za masomo ya watoto kwenye magoti yangu. Akaniambia, kwa upendo wote, Baba, kwa upendo kabisa:

"Lete na hizo karatasi zako, mbona zimejikunja hivyo? Nikupigie pasi kama zile za mtihani. Zile nilizipatia, we! Zilikuwa na vipele vipele, zimevimba, nikaweka kitambaa kibichi nikakandamiza. Zikatoka laini kama shuka la harusi."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akiongeza kwamba mwalimu mkuu alimsifu.

Sikumpigia kelele. Sikuweza. Niliomba anipe mkono wake, nikachukua kidole chake cha shahada nikakiweka juu ya ukurasa wa mtoto, nikakipitisha taratibu. Nikamwambia, "Metroni, hivi vipele ndiyo maneno." Kisha akaondoa pasi mezani, nikasikia akimwaga makaa yote nje, na aliporudi alikuwa analia. Mama yule sina neno naye. Aliletewa nguo akaambiwa nyoosha, akanyoosha. Angeletewa mwaka mzima angeunyoosha.

Neno langu lilikuwa na mwenye ufunguo. Nilikwenda ofisini kwake bila fimbo, njia naijua. Alinikaribisha kiti. Nilimuuliza kwa nini. Unajua alijibu nini? "Bahasha haikufunga." Karatasi zilikuwa zimevimba, na mwongozo unasema bahasha ifungwe vizuri ndipo ipigwe lakiri, ile nta ya muhuri. Alijaribu kuifunga mara mbili ikapasuka. Basi akampelekea metroni. "Nilitaka kazi yako ifike ikiwa safi, binti."

Nikamuuliza kama hakujua kwamba yale ni maandishi. Alijua. Alisema, "Nilidhani yakishaandikwa yameandikwa."

Angekuwa mtu mwovu ningepata pa kupumzikia, Baba. Angekuwa amenichukia, au amepewa kitu ili nafasi yangu apewe mtoto wa mwingine, ningemlaani mara moja nikalala. Lakini huyu ni mtu msafi. Ni mtu anayepanga chaki kwa urefu. Alikuwa na watoto tisa wanaosoma kwa vidole chini ya paa lake, na kwa miaka yote ile hakuwahi kuweka kidole chake kwenye ukurasa hata mmoja aone tunachogusa ni nini. Alitupenda kama mashine yake, tusichafuke, tusivunjike, tutolewe wageni wakija. Nilimwambia hivyo. Sauti yangu ilifika mpaka madarasa ya mbali, Veronika amenithibitishia. Nikamwambia kwamba baba yangu, seremala aliyeanza kusoma ana mvi, alijua kwa siku moja kwamba nukta hazipendi kubanwa, na alimfundisha yeye kila mwezi kwa sanduku, na yeye akaliita jeneza la panya. Nikamwambia jeneza lilikuja kweli, ila si la panya.

Alisema pole. Akasema pia kwamba hata hivyo hakuna ushahidi, kwa kuwa karatasi zimeshakaguliwa na zimeonekana tupu. Aliniambia hivyo mimi, yeye aliyezifuta.

Veronika akavaa koti lake. Tulipanda lori la mbao mpaka barabara kuu, na basi mpaka Iringa mjini, kwenye ofisi inayotunza karatasi za mitihani iliyopita. Tulirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza aliyekuwa na ufunguo alikuwa safarini. Sijui kwa nini maisha yangu yote yamejaa watu wenye ufunguo waliosafiri. Mara ya pili walitaka barua ya shule, na shule ikachukua wiki kuandika mistari minne. Mara ya tatu tukamkuta mzee mmoja wa ofisi, sauti yake imechoka, kikohozi kama chako. Alituletea bahasha yenyewe akaiweka mezani mbele yangu.

Nilizitoa. Baba, zilikuwa laini. Nilipitisha vidole vyote kumi, huku na huku, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Ukurasa wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Metroni ni fundi wa kazi yake kama wewe ulivyokuwa wa kwako. Niliweka kichwa mezani. Nilifikiri, basi, nitaishi hivi, najua ukweli na sina wa kumwonyesha.

Veronika alikuwa ameshika ukurasa wa hesabu. Akaenda nao dirishani kwa sababu ofisi ilikuwa na giza. Kisha akasema, "Bwana mkubwa, njoo hapa utazame."

Msumari wako ulitoboa, Baba.

Uliunoa mno. Kila nilipoweka nguvu, hasa kwenye hesabu nilipokuwa na uhakika wa majibu, ncha ilipita karatasi nzima ikatoka upande wa pili. Pasi inaweza kulaza nukta. Tundu haiwezi kuliziba. Wameniambia kwamba ukurasa ulipoinuliwa dirishani, jua liliingia kwa vitundu mia na mia, mstari chini ya mstari, kutoka juu mpaka chini. Yule mzee aliomba aushike mwenyewe. Akawaita wenzake wa chumba cha pili. Veronika akaanza kusoma vitundu kwa macho, nukta zilizotoboka na zilizofifia kando yake, na yule mzee akawa anamtajia maswali kutoka karatasi ya wino. Swali la kwanza, jibu langu. La pili, jibu langu. Walifika la kumi na saba kabla hajasema imetosha. Hakuna nililokosa katika hayo.

Kisha yule mzee akaniuliza nilikuwa natumia kalamu gani. Nilikitoa kibao chako mfukoni. Alikishika muda mrefu. Sikumsikia akisema "kwa bati hili." Aliuliza, "Nani alitengeneza?" Nikasema, baba yangu, seremala wa Tukuyu.

Jibu la serikali limefika juzi, nikiwa nyumbani likizo, ndiyo sababu ya sufuria kugongwa. Mama alimwita jirani asome, nami nikaomba arudie. Wanasema kulitokea "hitilafu ndogo ya utunzaji." Ndogo! Wanasema muda wa kubadili matokeo umepita. Wanasema naruhusiwa kurudia mtihani pamoja na darasa la saba la mwaka huu. Hakuna neno pole mahali popote, wala jina lako. Na mwalimu mkuu amehamishwa kwenda shule kubwa zaidi. Nimeambiwa ina makabati mengi.

Lakini ufunguo aliuacha. Veronika alifungua lile kabati siku ile ile alipohama. Mashine iliyotunzwa isiharibiwe na watoto ilikuwa imeharibiwa na ukungu. Vibonyezo viwili kati ya sita vilikuwa vimeganda kwa kutu. Tuliweka mafuta ya cherehani siku tatu, tukiviamsha kidogo kidogo, na metroni akavifuta kwa kitambaa kile kile cha kupigia pasi. Sasa inakaa mezani darasani na haina kufuli. Rehema ndiye aliyeandika wa kwanza. Tulimwambia aandike chochote atakacho, akafikiri sana, akaandika: Nina njaa. Tulicheka wote mpaka Veronika akakaa chini. Lilikuwa neno lake la kwanza aliloandika mwenyewe, na ana miaka kumi na mitatu. Ungempenda.

Nilikuambia kwa hasira kwamba ningekuwa na mashine nisingefeli. Nataka ujue nilichojifunza. Ningeandika kwa mashine, nukta zote zingechomoza sawasawa, safi, bila tundu hata moja. Pasi ingezilaza zote. Leo tungekuwa na karatasi tupu kweli. Naomba unisamehe neno lile. Nimelibeba miezi mingi, na nimelileta hapa kwenye benchi lako nilitue.

Mtihani ni mwezi ujao. Sitaki kuurudia, nimeshaufaulu, na kila nikifikiria kukaa tena kwenye kile chumba kujibu upya kwa kosa la bahasha, damu inanipanda kichwani. Nitaurudia. Veronika atakuwepo kuzigeuza ziwe wino pale pale mbele ya msimamizi. Na karatasi zenyewe zitakwenda mjini ndani ya kisanduku chako, kile cha barua ya mwisho uliyoniletea, kina chake vidole viwili. Nimeshawaandikia kwamba kama lakiri ni lazima, waimwage juu ya mbao.

Ile kalamu uliyoiacha bila msumari nimeimalizia mwenyewe. Mama alinishikia, mimi nikapiga, nikajigonga kidole gumba mara mbili na kusema maneno ambayo sikuyapata kwako. Ndiyo niliyoandikia barua hii. Kidole changu kinaniambia kwamba nimetoboa karibu kila mstari. Sitaunyoosha ukurasa huu wala kuukunja. Nikimaliza nitatoka nao hapo nyuma kwenye migomba nikusomee wote, kisha nitauacha ndani ya kibanda, kwenye msumari wa ukutani ulikokuwa unatundika kofia, kando ya dirisha la mashariki, ili asubuhi jua lipite.

Nakuahidi mambo mawili. Nitakuwa mwalimu. Na hakuna mtoto wangu atakayeambiwa ameandika karatasi tupu na mtu ambaye hajaigusa.

Lala sasa, Baba. Acha jiwe la kunolea. Asante, ndaga fijo, kwa kibao. Msumari ulikuwa mkali.

Binti yako,
Tusekile